Kungwi wa Kiegeani na Sindano ya Usingizi

Siku hizi nikipita Kiegeani nikawaona wasichana wamekaa barazani wanachekea simu zao, humkumbuka Bi Mwanahalima, na roho huniuma kwamba hayupo wa kuwatimua. Angewatimua kweli. Alikuwa na sauti ya kunyamazisha ngoma, na macho ambayo mwanamke mzima akiyaona yamemgeukia huangalia kwanza kama kanga yake imekaa sawa. Mimi Mwamvita nimefundwa na yeye, nimeshakuwa bibi wa wajukuu, na mpaka leo nikikaa mkekani huvuta miguu kwa kumwogopa marehemu.

Alikuwa kungwi wetu. Kwa wasiojua, kungwi ndiye mwanamke anayemfunda mwari, yaani msichana aliyevunja ungo, mambo ya utu uzima: usafi, mume, uzazi, heshima. Mwari humwita kungwi wake somo, na kungwi naye humwita mwari wake somo, na jina hilo halifutiki mpaka mmoja wao aingie kaburini. Sisi tuliopita mikononi mwa Bi Mwanahalima tulikuwa wengi, na tulijulikana kwa mambo mawili. Kwanza, yaliyosemwa unyagoni hayatoki nje, hata kwa mume, hata kwa kufa. Pili, mwari wa Mwanahalima halii. Ukifinywa hulii. Uchungu wa kuzaa ukikushika unauma pindo la kanga, na majirani wanasikia sauti ya mtoto tu. Mwanamke akipiga kelele wakati wa kujifungua, kesho yake watu hawamsemi yeye, wanamsema aliyemfunda. Bi Mwanahalima hakuwahi kusemwa.

Ukiniuliza mimi, maisha yale yalikuwa mazuri. Ilikuwa zama za vijiji vya Ujamaa, kila kitu cha pamoja: shamba la kijiji, duka la ushirika, na redio moja tuliyoizunguka kama mzinga wa nyuki kusikiliza kipindi cha Mtu ni Afya. Redio ikisema chimbeni vyoo, tunachimba. Ikisema chemsheni maji, tunachemsha, mradi kuni zipo. Alasiri tunasuka mikeka, ukindu umeloweshwa, tunasengenya watu kwa adabu. Kisha darasa la kisomo, wazee na mvi zao wanasoma a, e, i, o, u, na Bi Mwanahalima mbele kabisa anaandika jina lake ubaoni mpaka ubao unamwishia. Hatukuwa na kitu, lakini sikumbuki kuwa mpweke hata siku moja.

Ni katika kusuka huko ndipo nilipomwona hakai sawa. Anaegemea paja moja, akichoka anahamia la pili. Nikamtania, maana masomo wakiwa wawili hutaniana.

"Somo, una nini na kukaa? Umepata mchumba usituambie?"

Hakucheka. Alingoja wenzetu waondoke, akaniambia kwamba anaenda chooni na damu. Si leo wala jana. Tangu mavuno ya mpunga yaliyopita. Mwenyewe alijiamulia ni bawasiri, akachemsha mizizi, akakalia maji ya uvuguvugu, akanyamaza. Nilipomtazama vizuri nikaona kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja sasa inamzunguka mara mbili. Niliona hasira. Mwanamke aliyetufundisha kuitazama miili yetu kila siku asubuhi, wake kauacha uishe!

Nilimpeleka hospitali ya Kilindoni nusu kwa kumburuta. Mganga wa pale, mtu mpole, alimbonyeza tumbo, akauliza maswali mengi, kisha akasema inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa vidonda vya utumbo, na inaweza kuwa saratani. Yeye haoni ndani. Lazima aende Dar es Salaam akapimwe kwa bomba. Neno saratani tulilijua wote wawili. Lilimla kaka yake, Shamte, tukamzika mwepesi kama mtoto.

Tukavuka bahari kwa jahazi mpaka Kisiju, tukapanda basi, tukafika hospitali kubwa ya mjini na kikapu cha samaki wakavu ambao muuguzi alitunyang'anya mlangoni kwa harufu. Daktari alikuwa kijana wa bara, mrefu, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio. Alimwamkia, "Shikamoo, bibi," na Bi Mwanahalima akaitikia marahaba kwa kuridhika kidogo. Kisha akatueleza. Bomba ni la chuma, lina taa, linaingizwa kwa njia ya haja kubwa ili aone utumbo kwa macho yake na akate kipande kidogo cha kupima. Hewa itapulizwa ndani, tumbo litajaa, na kuna maumivu. Njia ziko mbili: kuvumilia, au kuchomwa sindano ya usingizi.

"Hiyo sindano, mtu hulala akawa hajijui?" Bi Mwanahalima aliuliza.

"Anasinzia tu, bibi. Anasikia, ukimwita anaitika, ila maumivu hayamsumbui sana, na akizinduka hakumbuki."

"Na kusema? Anasema?"

"Wengine huongea ongea."

"Basi sitaki. Nitavumilia."

Nilijua kilichomtia hofu, maana nilikuwapo. Kitanda cha jirani alilala Bi Sheikha, mwanamke wa Kilwa, mnene, mcheshi, aliyekuwa amepasuliwa jipu. Siku tuliyofika alirudishwa wodini bado dawa iko kichwani, ikawa ni saa ya kutazama wagonjwa, na mumewe kasimama hapo ameshika embe. Bi Sheikha akaanza kueleza, kwa sauti ya mnadani, jinsi alivyomimina chumvi katika chungu cha pilau cha mke mwenza siku ya harusi, na jinsi wageni walivyokunywa maji mpaka mtungi ukakauka. Wodi nzima ilikufa kwa kicheko. Mumewe aliliweka lile embe, akaondoka. Mimi nilicheka mpaka machozi. Bi Mwanahalima hakucheka hata kidogo, na usiku ule hakula.

Wakampima bila sindano. Asubuhi wakampiga bomba la maji ya sabuni mpaka tumbo likabaki tupu, jambo ambalo alilitukana kimoyomoyo, nikaliona usoni. Muuguzi akaniruhusu niingie nimshike mkono. Alilala ubavu, magoti kifuani, shuka juu yake, akauma pindo la kanga. Daktari akaanza taratibu, huku anamwuliza, "Unaumia, bibi? Hapa je?" Yeye kimya. Mkono wake ulikuwa umekakamaa ndani ya wangu, jasho linamtiririka shingoni, na mwili mzima umekaza kama mbao za jahazi. Daktari anauliza, yeye kimya. Nikamwona daktari anasita, anajaribu tena, anasita. Kisha mkono niliokuwa nimeushika ukalegea. Bi Mwanahalima alikuwa amezimia, bila hata kuguna.

Wakamrudishia fahamu. Daktari alivua glavu, akakaa kwenye kigoda, uso wake umeingiwa na hofu.

"Bibi, utumbo una kona. Nikifika kwenye kona, ni wewe wa kuniambia panauma, ili nirudi nyuma. Ukininyamazia na ukakaza mwili, naweza kukutoboa, na nikikutoboa utakufa. Mtu kama wewe sijapata kumwona."

Angejua kwamba kijijini kwetu tuko wengi, na kwamba hiyo ndiyo sifa yetu! Kimya kile tulichosifiwa nacho ndicho kilichotaka kumwua mezani pale. Daktari akasema hatamgusa tena bila sindano. Ama akubali, ama arudi nyumbani na damu yake, bila kujua ni nini.

"Nitarudi nyumbani," akasema.

Wodini tuligombana. Sikuwa nimepata kumpandishia sauti kabla ya siku ile, na sikuwa najua kama ninaweza. Nilimwambia anajiua. Nilimwambia Shamte angeipata nafasi hii angeipokea kwa mikono miwili. Alingoja nimalize.

"Mwamvita," akasema, na aliponiita kwa jina nikajua hatanii. "Nina wari wangapi mimi? Kila mmoja kaniachia siri yake humu kifuani. Nani alilala na nani, nani aliharibu mimba, mtoto wa nani si wa nani. Na mambo ya unyago niliyopewa na waliokwisha kufa. Yule daktari ni mwanamume. Nikimwaga mbele yake, nitakuwa nimeishi bure. Afadhali nife nimefunga mdomo."

Hapo hasira zangu zikaisha, nikabaki na huzuni. Nilikuwa nimedhani anaogopa aibu yake. Kumbe alikuwa anatulinda sisi, na miongoni mwa sisi nimo. Nikaenda kumtafuta daktari. Nilimkuta anakunywa chai amesimama. Sikumweleza ya unyago, nilimwambia tu kwamba bibi ana amana za watu na anaogopa kuropoka.

"Mimi nitakaa kichwani kwake," nikasema. "Akianza kusema, nami nitasema kwa nguvu kuliko yeye, usisikie kitu."

Alinitazama, akachekea kikombeni. "Piga kelele upendavyo, mama. Ila usinitikise mkono."

Nilimpelekea Bi Mwanahalima habari hiyo. Aliniuliza mara tatu kama nitaweza. Nikamwambia, somo, mimi ni mwari wako. Akafikiri mpaka muuguzi akaja kugawa uji, kisha akasema, "Haya."

Siku ilipofika wakamchoma sindano ya mkono. Macho yakawa mazito, mdomo ukalegea, nikamwona sura ambayo sikuijua, sura laini ya msichana. Daktari akaanza. Haukupita muda midomo yake ikacheza. Nami nikafungulia. Lililonijia kichwani ni redio, basi nikapaza sauti: "Ndugu wananchi, chimbeni vyoo! Chemsheni maji ya kunywa! Fukieni madimbwi! Nyavu na vyombo viwekwe mahali pasafi!" Muuguzi aligeukia ukutani mabega yanamtikisika. Daktari akainama zaidi. "Ndugu wananchi, nzi ni adui! Osheni mikono!" Nikasita ili nivute pumzi, na katika upenyo huo nikamsikia.

"Inauma."

Nikanyamaza.

"Mama, inauma. Mama, waambie basi. Inauma."

"Wapi, bibi?" daktari akauliza kwa upole.

"Hapo. Hapo hapo. Inauma, mama."

Daktari akarudi nyuma kidogo, akangoja, akapita kwa upande mwingine. Akisema inauma, anarudi. Akinyamaza, anasogea. Wakaenda hivyo, mwanamume yule wa bara na kungwi wetu, kona kwa kona, na yeye analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Hakutaja jina la mtu. Hakutoa siri ya mtu. Alikuwa na neno hilo moja tu, na nadhani alikuwa nalo tangu hajaota maziwa. Nami nilikaa kichwani kwake, redio imezimika, machozi yananidondokea kwenye paji lake la uso.

Majibu yalipotoka daktari alikuja mwenyewe na tabasamu lililomtangulia mlangoni. Si saratani. Ni vidonda vya amiba, vimekula utumbo muda mrefu, vina dawa. Vidonge vichungu, uji, mapumziko, na maji ya kuchemsha. Nilipiga vigelegele wodini mpaka nikakemewa. Bi Sheikha, ambaye mumewe alikuwa amesharudi na embe jingine, naye akapiga cha kwake. Bi Mwanahalima alimshika daktari mkono, akauweka kichwani kwake mwenyewe, jambo ambalo sikupata kumwona akimfanyia kijana yeyote.

Watu walipotawanyika alinivuta nikae kitandani.

"Sasa niambie. Nilisema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia hukusema kitu. Lakini macho yale yalinigeukia, na mbele yake sijawahi kuweza kusema uongo.

"Ulisema inauma."

"Na nini tena?"

"Ulimwita mama yako. Ulilia, somo. Hakuna kingine, wallahi."

Nilitazamia aone haya. Alilala chali, anatazama dari. Nje watu wanapita na masufuria ya wagonjwa. Kisha akageuza uso.

"Ulipomzaa Mfaume," akasema, "iliuma?"

Mfaume alikuwa kifungua mimba wangu. Nilikaa na uchungu wake toka alfajiri hadi magharibi, na kijiji kizima kilinisifu, na yeye alinitunza kanga doti mbili kwa sababu hapakusikika kitu. Hakuna mtu aliyepata kuniuliza swali lile, si mama yangu, si mume wangu.

"Iliuma, somo," nikasema. "Iliuma mno. Nilidhani nakufa."

"Na mimi nimekaa hapo hapo," akasema. "Nimekushika kichwa, nakwambia kimya."

Akaanza kulia, kwa sauti, mchana kweupe, bila sindano yoyote, Bi Sheikha anatutazama. Nami nikamwacha alie.