Viatu vya Jenerali

Leo bwenini mwenzangu amefungua kopo la rangi ya viatu, nami nikatoka nje. Ndivyo alivyonukia baba. Alikuwa boi wa mzungu mmoja, akimpakia viatu rangi tangu mzungu huyo akiwa kapteni hadi akawa jenerali.

Siku moja, baba akiwa hajarudi nyumbani kwa wiki kadhaa, jenerali huyo alikuja mwenyewe kijijini kwetu Nengo, kwa miguu, na mfuko wa sukari.

"Bwana yako iko muzima, mama. Bon, iko na kazi mingi kule kambini."

Mama hakuugusa mfuko. "Mukubwa kama we unaletea muke wa boi sukari?" Akainama kutazama viatu vya mgeni. Vilikuwa na vumbi la siku nyingi. "Na hivi, nani anavipaka sasa?"

Jenerali akavua kofia, kama wanavyoivua kaburini.