Paa la Pikapu ya Kaka

Watu walimwita Rula, kwa sababu hakukata bati bila kupima mara tatu, na mara ya nne kwa jicho. Alikuwa fundi wa bodi za magari kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo gari lililomtoa udenda lilikuwa moja tu: pikapu ya kaka yake. Ufundi alikuwa nao. Alichonyimwa ni ruhusa.

Kaka yake alikuwa seremala, mrefu wa kupitiliza, mtu aliyeingia kila nyumba ameinama kana kwamba anaomba radhi. Aliinunua pikapu ile ikiwa tayari ya zamani, mabega ya duara, taa za mbele zimetokeza kama macho ya mtu aliyeshtuliwa, akaachana na kusukuma vitanda kwa mkokoteni. Siku hizo Rula ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kazi. Kwa kinyozi wao palikuwa na kalenda iliyokwisha mwaka wake, na juu yake picha ya pikapu kama ile ile, ila paa limekatwa na kushushwa, madirisha yamebaki membamba, gari zima limejikunyata kama paka anayevizia. Rula aliikodolea macho mpaka kinyozi akamshika kichwa na kukigeuza. Jioni akamwomba kaka amkubalie akate.

"Ukishakata, mimi nitakaa wapi? Chini ya kiti?"

Basi ikawa hivyo. Kila mwaka Rula aliomba, kila mwaka akajibiwa yale yale, na wote wawili wakacheka, hata walipokuwa wameota mvi. Kisha kaka akaugua, na haikuchukua muda, akaenda zake.

Miezi saba baadaye shemeji yake, mjane wa kaka, alifika karakana akiendesha pikapu mwenyewe. Ni mfupi, kwa mbali ungedhani gari linajiendesha. Akasema anataka paa lishushwe inchi nne, kama kwenye ile picha waliyokuwa wakiibishania. Rula akakubali. Akatoa vioo, akafunga vyuma ndani ya kabini isije ikapinda, akabandika utepe wa karatasi kwenye nguzo kuonyesha pa kukata. Mwisho akabandua kitambaa cha dari. Juu ya kiti cha dereva palikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele, duara kama kisahani, pale kichwa cha kaka kilipogusa miaka yote. Unga wa mbao ukammwagikia vidoleni.

Siku hiyo hakukata. Wala kesho yake. Akawa anapima, anafuta, anapima tena. Siku ya nne shemeji akaja kuangalia kazi imefikia wapi.

"Shemeji, kila siku unaipima. Kwani inakua?"

Rula akamwambia mkono unakataa. Pikapu ile, alisema, imeshika umbo la mwenyewe. Akiikata atakuwa amemwondolea hata pa kukaa. Shemeji akaketi juu ya tairi kuukuu, akatoa neno alilokuwa akiahirisha kulisema. Wiki ya mwisho hospitalini kaka alimwita karibu, sauti imekwisha, akampa ujumbe.

"Alisema hivi: mwambie mdogo wangu sasa akate. Mimi sitagonga kichwa tena."

Rula akageuka, akajifanya anatafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa.

Asubuhi iliyofuata akawasha grenda, mashine ya kukatia bati. Mafundi wawili wa jirani wakamsaidia kuinua paa, wakaliweka chini taratibu kama sufuria la uji wa moto. Alipozipunguza nguzo na kulirudisha, halikufika: nguzo za mbele zimelalia nyuma, hivyo paa likapungua vidole viwili. Hilo alilijua tangu ujana. Akalipasua katikati, akaongeza ukanda wa bati, akachomelea kidogo huku, kidogo kule, joto lisije likalikunja. Milango nayo ikafupishwa, fundi vioo akakata kioo kipya cha mbele. Wiki sita zikapita. Kitambaa cha dari alikikunja akampa shemeji, naye akakipokea bila kuuliza.

Siku ya kuijaribu, shemeji alishika usukani, akaenea kana kwamba kabini ilishonwa kwa kipimo chake. Rula alikaa pembeni, shingo imeinama. Walipotokea barabara kubwa shemeji akaanza kusimulia siku alipohamia kwao, bibi harusi, na kabati lake limefungwa nyuma ya pikapu hii hii kwa kamba iliyokatika njiani, hata mtu mmoja akalikumbatia safari nzima lisianguke.

"Nani huyo?" Rula akauliza.

"Wewe, shemeji. Ulifika umejaa vumbi mpaka kwenye kope, ukaniambia karibu nyumbani."

Alikuwa amesahau kabisa. Akacheka mpaka akalazimika kushusha kioo apate hewa.