Vifungo vya Kijana wa Msafara

Mwaka juzi mchana wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa Tabora, ulikuwa mrefu, kama mchana wa ndotoni. Upepo wa kiangazi ulipitisha vumbi dirishani, na baba alikaa kitini na msuli wake, kifua wazi. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mkono wa kulia. Kutembea alitembea. Kilichomfungia ndani ni vifungo vya shati. Mama alipomfunga mara ya kwanza ili waende kanisani, baba aliviangalia vile vidole vya mama mpaka vikafika kwenye kola, akaomba avuliwe, na tangu siku hiyo hakutoka. Fulana aliikataa. Alisema fulana ni nguo ya ndani, na yeye ni fundi cherehani aliyewavalisha watu. Mjomba alipomwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alimgeuzia kisogo.

Mimi nachora. Katuni za Kijapani, hizi anime, zilinikamata tangu sekondari, na nilikuwa nachora ya kwangu kwenye kishikwambi: kijana anayetembea na msafara wa zamani kutoka Tabora kwenda Ujiji. Sura yake ilinijia siku moja tu. Nguo ndizo zilizonitesa. Kwenye anime mwanaume hujulikana kwa mavazi kabla hajafungua mdomo. Kola ikipanda hadi kidevuni, unajua huyo ana siri. Huyu wangu nilimjaribu kanzu, akawa bwana harusi. Nikamjaribu suti, akawa karani. Usingizini nikawa nayaona makoti yakitembea yenyewe katikati ya miombo, hayana watu ndani, yanaelekea machweo, na sikutaka kuamka. Asubuhi moja nikaamka nalo: koti refu la kaki, kola imesimama, vifungo sita vya pembe, pindo linapeperuka.

Nikampelekea baba. Sitasema uongo, nilitaka anisifie. Tangu niache kushona nikashika kuchora hakuwahi kunisifia, na mimi hasira zangu ziko karibu.

Alitazama muda mrefu. "Mama," akasema, ndivyo anavyoniita mimi binti yake, "huyu mwanaume umemvalisha blauzi."

Damu ikanipanda. "Blauzi gani tena, baba?"

"Vifungo viko kushoto kwake. Vya mwanaume hukaa kulia."

Kumbe kweli. Sisi wachoraji huigeuza picha iwe kama ya kwenye kioo, maana jicho likishazoea halioni kasoro. Nilikuwa nimeigeuza, nikasahau kuirudisha. Nikamweleza hivyo kwa aibu. Akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho nilikuwa nimeshakisahau.

"Sisi mafundi huigeuza nguo ndani nje," akasema. "Kazi ni ile ile."

Nikanyoosha kidole niirudishe picha.

"Subiri kwanza."

Akaweka mkono wa kushoto kifuani pake, akaushusha taratibu, vidole vikisukuma kitu kisichokuwepo. Mara sita. Akapandisha mkono, akaanza upya. Niliielewa ile hesabu na nikaogopa kupumua. Nilimpenda sana baba yangu saa ile.

"Vikikaa upande huu navifikia," akasema. "Nishonee shati moja hivyo."

"Watu watasema umevaa blauzi."

"Waseme. Nitakuwa nimejifunga mwenyewe."

Nilishona siku mbili, yeye akinisimanga kila mshono. Tundu hili jembamba, kola hii imelala, nani alikufundisha wewe. Nilimjibu kuwa ni yeye. Kijana wangu wa msafara nimemwacha na vifungo vyake kushoto, na anayeuliza simjibu.

Jumapili tulichelewa ibada. Baba alichukua karibu nusu saa na vile vifungo sita, na mama alisimama mlangoni, mikono ameifumbata nyuma, asije akamsaidia.