Baba aliniomba nimpangie safari ya Pemba na mwanamke ambaye si mama yangu

Wakuu, habari za humu ndani. Leteni viti, hii ni ndefu kidogo.

Hii ni yangu mwenyewe, sijaokota kwa mtu. Baba yangu ako hai, ako na simu kubwa kushinda yangu, na juzi aliniuliza hii forum inaitwaje. Kwa hivyo nikiongeza chumvi atanikuta hapa hapa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko na cyber Bungoma mjini. Nasaidia watu na mambo ya online: passport, cheti cha polisi cha good conduct, tiketi za ndege, vitu kama hizo.

Baba ni mwalimu wa geography aliyestaafu. Anaishi shambani nje ya Kitale na ng'ombe zake za maziwa. Mama aliugua, akatuacha miaka kadhaa sasa. Amelala hapo hapo nyumbani, upande wa boma la ng'ombe.

Tangu Mama aende nimemwomba Baba aje akae kwetu, hata siku chache tu. Jibu ni moja: "Na ng'ombe nitaachia nani?"

Krismasi, ng'ombe. Mtoto wangu akibatizwa, Baba alikuja, akala, akaondoka kabla ya keki. Ng'ombe.

Nikazoea. Nikajiambia huyu mzee bado anaomboleza, hataki kuenda mbali na Mama. Na niwaambie ukweli, ilinifurahisha hivyo.

Sasa Jumapili moja ananipigia, ati nikuje Kitale, kuna maneno.

Nafika napata meza imetandikwa kitambaa. Kuku imepikwa. Na jikoni kuna mwanamke anafungua kabati ya Mama bila kuuliza sahani ziko wapi.

"Huyu ni Rose," Baba akasema. "Anashona uniform za shule pale karibu na soko."

Mwanamke akapangusa mikono, akanisalimia vizuri. "Karibu, Nekesa. Mwalimu hamalizi siku bila kutaja jina lako."

Karibu! Mimi, nikaribishwe kwetu!

Tukakula. Kuku ilikuwa tamu, na hiyo iliniuma zaidi.

Halafu Baba akakohoa vile alikuwa anakohoa kabla ya kuanza somo. "Nekesa, tunataka kuenda Pemba. Ile kisiwa. Tunataka kujifunza kuingia chini ya maji na mtungi wa hewa."

"Scuba diving?"

"Hiyo hiyo. Mimi nimefundisha coral reef, hiyo miamba ya matumbawe, maisha yangu yote, nikichora na chaki. Sijawahi kuona hata moja. Nilimwambia Rose, akaniambia, si twende tuione."

Wakuu, hayo maneno ya coral reef Baba ametuambia tangu tukiwa wadogo. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Hakuna mtu aliwahi kumwambia twende.

Nikauliza, "Na ng'ombe?"

"Si wewe utakuja kuziangalia? Na utufanyie booking, hiyo ndio kazi yako."

Nilirudi Bungoma nikiwa nimefura kama mandazi. Bwanangu akaniambia, "Lakini si ni vizuri mzee amepata mtu wa kuongea naye?" Sikumwongelesha tena jioni hiyo yote.

Wiki iliyofuata wakakuja kwa cyber, wote wawili. Baba alikuwa amevaa koti ya harusi za watu. Wakavuta kiti kimoja kingine, wakakaa nyuma yangu wakiangalia screen.

Nikaanza kutafuta. Hapa nisaidie wale wanapanga safari kama hii.

Kwanza, Zanzibar si kisiwa kimoja. Unguja ndio watalii wamejaa. Pemba kumetulia, ni karafuu na vijiji, na chini ya maji wazamiaji wanasema ni kuzuri sana. Mbebe kadi ya yellow fever. Kozi kamili ya kuzamia wanataka ujue kuogelea na kuelea, na mzee lazima daktari ampime kwanza. Pia huwezi toka chini ya maji ukaingia kwa ndege hapo hapo, mwili unataka kupumzika. Kwa hivyo zile siku za mwisho tukaziweka za utamaduni: kutembelea mashamba ya karafuu, na mchezo wa ng'ombe, kama kutakuwa na kijiji kinacheza.

"Ng'ombe gani inacheza?" Baba akauliza.

Nikawawekea video. Ni fahali, watu wa kijiji wanaizunguka na ngoma, vijana wanaichezea na kuikwepa. Baba alisimama. Karibu aguse screen. "Rose, angalia hiyo nundu!"

Rose akaangalia nundu. Halafu akatoa uzi uliokuwa umeshika kwa kola ya Baba, hata bila kufikiria, vile mke hufanya.

Mimi nilikuwa na-type kama mtu anachapa viboko.

Rose akaniuliza, "Nekesa, hao ni Waislamu, sindio? Kijijini nitavaa nini nisiwakosee heshima?" Swali nzuri. Nilimjibu na sauti ya customer care: "Leso ya mabega, madam, na nguo ndefu." Akaenda duka la Mhindi jirani yangu akarudi na leso mbili. Moja ilikuwa yangu.

Niliiweka chini ya counter.

Basi wakaanza kujifunza kuogelea kwa pool ya hoteli fulani Kitale. Mnajua Kitale asubuhi. Hayo maji ni barafu. Baba akanialika nikuje kuona.

Nilienda nikitaka kuona wameshindwa. Nasema tu vile ilikuwa.

Nikasimama karibu na ukuta, hawajaniona. Baba yangu ndani ya kaptula ya kuogelea, miguu myembamba, sijawahi kuona magoti yake tangu nizaliwe. Coach alikuwa kando akitoa maagizo, lakini mwenye amemshika ni Rose. Alikuwa ameweka kiganja chini ya mgongo wake.

"Wachilia shingo, Mwalimu. Nimekushika."

"Nitazama, bana."

"Uzame wapi, na maji iko kwa kiuno? Wachilia."

Akawachilia. Masikio yakaingia ndani ya maji, miguu ikapanda juu, akaelea. Rose akatoa mkono polepole. Na Baba akacheka.

Wakuu, hicho kicheko sikuwa nakijua. Si ati nilikuwa nimekisahau, la. Sikuwahi kukisikia. Mtu amenizaa, amenisomesha, na kuna kicheko alikuwa nacho mahali, mwanamke wa uniform akaja akakitoa na kiganja.

Nilirudi kwa gari nikalia.

Wivu wa mume na mke tunaujua, umeimbwa sana. Huu wa mtoto mzima kumwonea mzazi, na watoto wake mwenyewe wako shule, hakuna mtu alinionya.

Siku ya daktari ilipofika Rose alikuwa amebanwa, shule zinafungua na kila mzazi anataka sweta. Kwa hivyo nilimpeleka Baba mimi.

Daktari akampima presha. Akampima tena mkono ule mwingine.

"Mwalimu, unatumia dawa gani ya presha?"

"Presha gani?"

Daktari akaweka kile kifaa chini. "Iko juu sana. Tutaanza dawa leo. Lakini hiyo ya kuzamia na mtungi, mzee, mimi siwezi kukubali. Sio sasa."

Ndani ya roho yangu kitu kiliruka. Kilisema, asante Yesu, safari imekufa. Kilisema hivyo kabla hakijafikiria ati baba yangu ni mgonjwa.

Halafu nikamwona Baba akishusha mkono wa shati. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo, kinateleza. Anajaribu, kinateleza. Nikamfungia. Hakuniangalia.

Nyumbani Rose alikuja mbio na sindano bado imedungwa kwa nguo. Baba akamwambia. Kisha akasema, "Wewe enda. Utarudi unieleze."

"Niende nione samaki peke yangu? Tutangoja, Mwalimu. Ukipona tutaenda mwaka ujao."

Sijui ni hilo neno, mwaka ujao. Nililipuka.

"Mwaka ujao! Hata Mama aliambiwa mwaka ujao! Kwaya yake ya kanisa ilienda Mombasa, jina lake lilikuwa kwa wale wanaenda, akaambiwa mahindi haijavunwa. Mimi nilimwona akitoa nguo kwa begi akizirudisha kwa kabati, moja moja. Alikufa hajaona bahari, Baba. Na sasa wewe ng'ombe unaweza acha!"

Rose akakusanya vikombe, zingine bado ziko na chai, akaenda jikoni.

Nilingoja Baba anifokee. Hakufoka. Alikaa akiangalia mikono yake.

"Nakumbuka," akasema. "Na hiyo mahindi hata ilinyeshewa. Ilioza nusu."

Nikakaa kwa kiti kando yake.

"Nilikuwa nafikiria siku ziko. Nilimwambia mwaka ujao, na nilikuwa naamini. Mwaka ule mwingine pia niliamini."

"Alikukasirikia?"

"Wiki nzima alinipikia mboga ya sukuma bila chumvi. Mimi nakula, nanyamaza." Akatabasamu kidogo. "Halafu kwaya ikarudi. Rafiki yake akamletea maji ya bahari kwa chupa ya soda. Tulikuwa hapo nje. Mamako akaonja. Akatema karibu anitemee mimi. Akasema, kumbe ni kweli! Mwalimu hakudanganya, iko na chumvi! Alicheka mpaka akakaa chini."

Mimi sikuwa nimesikia hiyo story. Tangu tuzike Mama, Baba alikuwa hataji hata jina lake, na mimi nilikuwa naogopa kumuuliza nisimuumize. Tukaanza kucheka, wote wawili, na machozi.

Na jikoni nikasikia mtu mwingine anacheka. Rose. Kumbe alikuwa anasikiza.

Kwanza nilichukia. Nikasema huyu anacheka nini, Mama ni wetu. Halafu nikasikia vile anacheka. Hakuwa anamcheka Mama. Alikuwa anafurahi naye, kama mtu amekutana naye leo na amempenda.

Nikaenda jikoni nikashika kitambaa, nikaanza kukausha vikombe anaosha. Hatukuongea mengi. Aliniambia bwanake alikufa ghafla akiwa safarini, na kwa muda mrefu alikuwa anaweka sahani yake mezani. "Mwalimu akiongea juu ya mamako, mimi pia huongea juu ya mzee wangu," akasema. "Hivyo ndivyo tulianza."

Yaani kumbe jina la Mama lilikuwa linatajwa. Kwangu tu ndio halikuwa linatajwa.

Nilirudi Bungoma nikaandikia wale watu wa kuzamia Pemba, tena bila kuombwa. Nikawauliza mzee wa presha anaweza fanya nini. Wakajibu vizuri: kuna mwamba karibu na ufuo, maji si ya kina, anaweza kuelea juu na life jacket na mask akiangalia chini, bora daktari wake akubali na presha iwe imetulia. Daktari alimfuatilia na dawa mpaka iliposhuka, akakubali hiyo ya juu tu. Ya mtungi akakataa tena. Baba akasema juu inatosha, Rose ataenda chini kwa niaba ya wote.

Wakaondoka. Niliwapeleka airport Eldoret. Baba alinikabidhi mambo ya maziwa, na Rose akanikumbatia kwa muda mrefu kuliko nilikuwa tayari.

Sasa msidhani nilikuwa nimepona. Picha ya kwanza walituma, wamesimama chini ya mkarafuu, bega kwa bega, niliiangalia nikazima simu. Roho haisikii mara moja.

Lakini siku ya mwamba Baba alinipigia. Alikuwa anaongea haraka kama mwanafunzi. Ati matumbawe mengine ni kama ubongo wa mtu, mengine kama pembe. Ati rangi ya buluu ya samaki mmoja hakuna chaki inaweza. Ati alipiga kelele ndani ya mask akameza maji, mwenye kuwaongoza akafikiria anakufa.

Mimi nasikiza tu, nacheka.

Halafu akasema, "Ngoja, ongea na Rose. Yeye ndio alishuka chini kabisa."

Zamani hapo ningesema network ni mbaya. Kidole kilikuwa tayari kukata simu. Nikakitoa.

"Rose," nikamwambia, "hebu nieleze. Chini huko kunakaaje?"

Akanieleza. Tuliongea mpaka simu yake ikaisha chaji.

Kile nimejifunza ni hiki. Nilikuwa nataka Baba akae na huzuni ndio mimi nijue Mama alipendwa. Nilimwita mzee wa ng'ombe na nikaridhika, kwa sababu mzee wa ng'ombe hawezi kuondoka. Kumbe huzuni yake haikuwa inamsaidia Mama hata kidogo. Ilikuwa inanisaidia mimi.

Wivu bado uko, sitawadanganya. Lakini sasa naujua jina, na ukikuja naupatia kiti, sio usukani.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wale mlipoteza mzazi na yule alibaki akaanza upya, mlifanyaje mpaka mkaweza kukaa meza moja? Na wazazi ambao watoto wamewanunia, nyinyi pia semeni, nataka kusikia upande wenu.

Wa kunitukana pia mnakaribishwa. Lakini mtukane mimi. Rose mumwache.