Fundi Siok-hun na mota isiyotaka kulishwa

Saa moja asubuhi, jua limeshaanza kuchoma mabwawa ya samaki aina ya mwatiko nje ya mji wa Tainan. Fundi Tan Siok-hun amechuchumaa mlangoni pa karakana yake, anang'oa waya za shaba zilizoungua tumboni mwa mota. Ninapofika hainui kichwa. "Chai ipo hapo, jimiminie."

Mota hizi huzungusha makasia ya kutia hewa majini. Zikisimama usiku wa joto, samaki huelea mizoga kabla hakujakucha. Ndiyo maana mjane huyu wa miaka hamsini na sita hapumziki.

Wiki iliyopita jirani yake mwenye bwawa, mzee Ngou Bing-tiong, alimletea mota aliyoiunga kwa mkanda na dainamo. Mota izungushe dainamo, dainamo iilishe mota, milele na milele. Juu yake aliweka pakiti ya kijani ya bisi za nazi, ile ambayo kila mtu hapa huiweka juu ya mashine yake ili iwe na adabu, isiharibike.

"Jumamosi nakata waya wa umeme," alitangaza. "Kimbunga kiliangusha nguzo, bwawa zima likafa. Sitaki tena umeme wa kuomba!"

Siok-hun hakucheka. "Tujaribu hapa kwanza, baba mkubwa. Hapa hakuna samaki."

Waliiwasha kwa umeme wa ukutani, wakaiacha ingurume hadi birika likaisha chai. Mzee akachomoa plagi. Mashine ikapunguza mwendo, ikakohoa, kimya.

Mzee akaigeuza ile pakiti. "Aa! Imepitwa na tarehe! Ndiyo maana!"

Akatoka mbio kwenda dukani, akarudi na mpya. Wakaiwasha tena, akachomoa tena. Kimya kilekile.

"Basi ni grisi."

"Grisi itaichelewesha kulala tu. Hebu weka mkono hapa."

Mzee aligusa mota, akaurudisha mkono haraka. "Lo, inaunguza!"

"Huo ni umeme wako unakutoroka. Mkanda nao una joto, hata kelele ile ni nguvu inayopotea. Dainamo inarudisha kilichosalia tu, mota inakula humohumo, kila mzunguko kinapungua. Na joto likishatawanyika, hulikusanyi lote likawa umeme tena."

"Hata ukiisuka wewe kwa waya mpya?"

"Hata mimi. Itapoteza kidogo, lakini itapoteza."

Mzee aliketi sakafuni, akajifuta uso. Alikuwa ameshatangazia mtaa mzima.

Fundi mwingine angemrudisha nyumbani na mzigo wake. Siok-hun alimmiminia chai. "Watu wanamwona punguani," ananiambia. "Mimi nilimwona akizika samaki wa bwawa zima kwa beleshi, peke yake. Mashine aliikosea, shida yake hakuikosea."

Dainamo ile sasa iko mezani pake, imesukwa upya. Anaiunganisha na injini kuukuu ya dizeli itakayowashwa umeme ukikatika. Hiyo ikikubali, anataka kila bwawa la jirani lipate yake kabla ya majira ya vimbunga.

Mzee Bing-tiong yuko karibu yake, ameshika spana, anainusa injini kwa mashaka.

"Na hii nayo itakula?"

"Itakula, baba mkubwa. Ila samaki wako watapumua."