Mwokozi wa Zipora Alikuja kwa Baiskeli

Zipora hakujua kusoma, na kwa hiyo alikuwa mtu wa mwisho Kishapu nzima kupata habari kwamba aliwahi kuokolewa.

Aliambiwa kisimani. Wanawake wenzake walimwuliza kama yule bwana mwenye miwani bado yu hai. Bwana gani? Wakacheka, wakamwambia asijifanye. Kumbe Herman, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa kuja kutoka Tanga, alikuwa ameandika kitabu cha kurasa arobaini, kikachapwa Mwanza. Msichana wa humo aliitwa Rozina, lakini kila aliyekumbuka kisa cha mwaka wa arobaini alijua Rozina ni nani.

Kisa hicho kilikuwa kimevuma mno wakati ule, maana si kila siku binti ananyakuliwa mchana kweupe akichota maji. Mnunuzi mmoja wa ng'ombe, ambaye posa yake ilikataliwa, alikuja na watu wawili, wakamfunga Zipora kamba, wakampeleka machimboni Geita na kumfungia kibandani. Alipika na kufuliza kulia kwa miezi miwili. Halafu siku moja ya Machi alipelekwa kutafuta kuni pamoja na wanawake wa machimbo. Alijitwika mzigo wake, akaachana nao njiani, na hakuutua. Alipita Bugarama nao kichwani, siku saba za mvua, kwa kuwa mwanamke mwenye kuni hakuna anayemwuliza anakwenda wapi. Alifika hospitali ya Kolandoto miguu imevimba, wauguzi wakampokea. Baadaye aliolewa, akazaa, na sasa alikuwa mjane mwenye shamba lake la pamba.

Ya Herman yalikuwa matamu zaidi. Rozina alimfuata mnyang'anyi kwa hiari yake, akitamani pete ya dhahabu. Kisha akajuta, akalia kurasa kumi na moja mfululizo. Kaka yake akatoka na upinde kumtafuta nchi nzima. Mwishoni akatokea karani kijana, mwenye miwani na baiskeli mpya, akampakia nyuma na kumrudisha kwao kwa siku moja. Herman alikuwa na miwani. Baiskeli pia alikuwa nayo. Haya ndiyo hakuwa nayo.

Zipora angeyapuuza yote hayo, lakini binti yake Generosa alikuwa amechumbiwa. Mzee Gregory, baba wa kijana, alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kugusa uji.

"Mayu, mama yetu, wazee wamesita," alisema. "Wanasema mama alijipeleka mwenyewe kwa mwanamume. Mtoto hufuata kisogo cha nina."

Zipora alikwenda mbio kwa Nkwabi, kaka yake mkubwa, aliyekuwa ndiye msemaji wa Generosa katika posa. Alimwomba aende kwa wazee akaseme ukweli. Nkwabi alikuwa na nakala mbili za kitabu, moja ya kusoma na moja ya kuonyesha wageni.

"Ukweli gani tena?" alijibu. "Kitabu kimetupa heshima. Usituharibie."

Hasira zilimpanda Zipora hadi akasahau kuaga.

Siku ya mnada Herman alisimama juu ya sanduku, akisoma kwa sauti ya mhubiri, na nusu ya mnada ilikuwa imemzunguka. Nkwabi alikuwa mbele kabisa, Gregory nyuma. Zipora alijipenyeza hadi miguuni pa mwandishi.

"Bwana karani, samahani. Huo ulikuwa mwezi gani?"

"Machi, mama! Masika yanapasua mbingu!"

"Na huyo kijana akavuka mbuga zetu kwa baiskeli? Na mtu nyuma?"

"Kama upepo!"

Watu wakapima walichosikia. Hakuna mwanamume pale ambaye tope jeusi la mbuga halijawahi kumjazia magurudumu mpaka yakagoma kuzunguka.

"Karani," mzee mmoja akapaza sauti, "Machi hapa baiskeli ndiyo inayompanda mtu!"

Mnada mzima ukaangua kicheko. Herman alifunua kurasa mbele na nyuma, kana kwamba barabara kavu ingepatikana humo, kisha akashuka sandukuni akidai kwamba hadithi lazima itiwe chumvi. Chumvi! Huyo alikuwa amemwaga gunia zima, tena kwenye kidonda cha mtu.

Gregory alisogea. "Basi nani alikuokoa, mayu?"

"Hakuna. Kwenda nilifungwa kamba. Kurudi nilirudi kwa miguu yangu, siku saba, na kuni kichwani." Zipora aliwageukia wengine. "Mnakipenda kitabu hiki kwa sababu humo kuna mtu aliyenifuata. Kaka Nkwabi, wewe ulinifuata mpaka wapi?"

Nkwabi alikohoa. "Mvua ilikuwa kubwa," alisema.

 

Gregory alimwambia Zipora kwamba watakuja Jumamosi kumalizia mazungumzo ya posa, na kwamba siku hiyo, kwenye kiti cha msemaji wa Generosa, wazee wake wangependa kumkuta ameketi yeye mwenyewe.