Akala Juu ya Paa

Asubuhi hiyo niliondoka Tarasaa kwa sababu trekta lilisimama kwenye kibanda nilikokuwa nikinywa chai, na dereva akasema anaelekea Garsen. Sikuwa na shughuli Garsen. Hata Tarasaa sikuwa nayo, na nilikuwa nimekaa pale mpaka mbwa wa sokoni wameacha kunibwekea. Nikapanda na kiroba changu: shati, blanketi na vidonge vya sukari.

Ugonjwa wa sukari ulijulikana nikiwa mjini Madogo, nilipokuwa nikipakia mbuzi kwenye malori. Hospitali ya huko walinipa vidonge na kuniambia nichunge miguu. Vidonge nilimeza. Miguu niliona iko salama, maana haikuniuma hata kidogo. Nilihisi tu kama nimevaa soksi nene, na mtu aliyevaa soksi ana shida gani?

Garsen nikasikia kwamba katika kijiji cha Wema wanavuna mpunga, nikashika njia kwa miguu. Nilisimama kila mahali. Mwanamke aliyekuwa mferejini nilimuuliza maji yanazibwaje; mchungaji nilimuuliza kwa nini ng'ombe mmoja tu ndiye mwenye kengele. Karibu na kijiji njia ilipita katikati ya mathenge, kile kichaka cha miiba kinachotoboa hata matairi ya baiskeli. Baada ya hapo nikaanza kusikia tik, tik, kila nilipokanyaga ardhi ngumu. Akala zangu zilikuwa za tairi kuukuu, nikadhani ni msumari. Katika yote niliyokutana nayo siku hiyo, hilo tu sikulidadisi.

Muuza duka alinielekeza kwa mzee na mkewe wanaopangisha chumba wakati wa mavuno. Mzee alikuwa kibarazani akisuka mtego wa samaki. Sakafu ilikuwa imesiribwa upya, ikang'aa, kwa hiyo nikavua akala ya kushoto mlangoni bila kuambiwa. Ya kulia ikakataa. Nikavuta, ikakataa tena.

"Mgeni," mzee akasema, "hicho kiatu umekipigilia?"

Mkewe akatoka, akainama, akainua mguu wangu kama anayekagua kwato. Mwiba wa mathenge ulikuwa umetoboa tairi na kuingia kwenye wayo, na damu imekauka pembeni.

"Husikii?"

"Sisikii kitu, mama."

"Una sukari," akasema, wala hakuwa akiuliza.

Nilipotaka kuung'oa mwiba akanipiga kofi mkononi. Ukivunjikia ndani, akasema, chumba hupati. Mzee naye akavua kiatu chake kipana na kunionyesha mguu wenye vidole vitatu. Usiku mmoja wa mvua, alisema, alikuwa akichoma kambare, mguu karibu na makaa.

"Nikasikia harufu ya kuungua," akasema. "Nikageuza samaki."

Alicheka mpaka akakohoa. Mkewe hakucheka. Aliniambia kwamba baada ya pale mzee alipaka majivu na majani kisiri, akificha mguu ndani ya soksi, na aliporuhusu uonekane vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Mzee akanipakia nyuma ya baiskeli yake, akala ikining'inia mguuni, tukaenda zahanati. Njiani watu walimuuliza amevua nini leo. Muuguzi aliutoa mwiba mzima kwa koleo dogo, akasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga, akanipima sukari na kunidunga sindano ya pepopunda. Alinikataza kuloweka mguu kwenye maji moto na kupaka unga wa aina yoyote, na akasema nisiukanyagie mpaka kidonda kifunge, nirudi kwake kila siku kubadilisha bendeji. Nikamwambia mimi si mtu wa kukaa mahali. Akanijibu kwamba mguu utaamua.

Tuliporudi mama alikuwa amekwisha kutandika kitanda. Chumba ni changu, akasema, lakini kila jioni, jua likiwa bado lipo, nimwonyeshe nyayo zote mbili. Nisikanyage chini pekupeku, hata humu ndani. Na kiatu nikikung'ute kabla ya kukivaa.

"Na mimi namwonyesha," mzee akaninong'oneza. "Ukikataa, hupati ugali."

Nikauliza ile njia inayopita nyuma ya nyumba inaelekea wapi. Mama alichukua akala zangu, akaenda uani, nikasikia bati likilia mara mbili. Kisha akarudi na jozi ya viatu vya mzee, vipana, vilivyofungwa mbele. Akavikung'uta mbele yangu na kuviweka chini ya kitanda.

"Zako ziko juu ya paa," akasema. "Kidonda kikifunga, panda mwenyewe ukazichukue."

Nikalala, mguu juu ya kiroba changu, nikimsikiliza mzee akiendelea kusuka.